Mafundi wa Nuru na Kiza

Atokaye senema usiku wa sikukuu, na mkononi amemshika mtoto anayesinzia, aghalabu humtaja mchezaji aliyemliza au aliyemchekesha, na akiwa ni mtu wa kufuatilia mambo ya sanaa hii humtaja na mwongozaji aliyeisimamia kazi yote. Lakini ni nadra mno kumsikia akilitaja jina la yule aliyesimama nyuma ya kamera, akapima jua na taa na mshumaa, akaamua nuru itoke upande gani, iangukie shavu lipi, na kiza kiachwe wapi. Jina lake limeandikwa, hapana shaka, nalo limepita juu ya pazia jeupe pamoja na mamia ya majina mengine, wakati watu wamekwisha kusimama wanatafuta makoti yao. Nami, baada ya kuziangalia kwa utulivu filamu za msimu huu wa mwisho wa 2024, moja baada ya moja, katika majumba ya mji wa baridi ninaoishi huku Amerika ya Kaskazini, nimeona kwamba haki ya watu hawa imecheleweshwa kupita kiasi. Kwani msimu huu, kuliko misimu mingi niliyoishuhudia, umekuwa ni wao: filamu zilizo bora zimekuwa bora kwa mikono yao, na zilizopungua zimepungua pale walipozuiwa kuifanya kazi yao ipasavyo.

Desturi ya kuzikusanya filamu kubwa katika majuma haya ya mwisho wa mwaka ina sababu zake. Watu wamepumzika na watoto wamefunga skuli. Na tena, Akademi ya Sanaa na Sayansi za Filamu ya huko Hollywood huzipokea katika mashindano yake filamu zilizoonyeshwa hadharani kati ya Januari na Desemba ya mwaka mmoja, hivyo wenye kuzimiliki huona ni busara kuzichelewesha hata siku za mwisho, ili wapiga kura wazikumbuke zingali mbichi. Lakini ipo nasaba ya zamani zaidi, ambayo napenda kuitaja: ilikuwa tarehe 28 Desemba 1895, katika juma lilelile lililo kati ya Krismasi na mwaka mpya, ndugu wawili wa nyumba ya Lumière walipowaonyesha watu wa Paris, kwa kiingilio, picha zao zinazokwenda, katika chumba cha chini cha mkahawa wa Grand Café. Na huko kwetu Pwani, katika miaka ya 1950, Idi ndiyo iliyokuwa sikukuu ya senema. Jamaa nzima nzima wa Unguja na Dar es Salaam, wamevaa nguo mpya na wamejifukiza udi, wakenda kuziangalia filamu za Kihindi walizozingojea kwa hamu. Kwa hivyo mtu wa Pwani anayekata tiketi katika siku za sikukuu, popote alipo duniani, hafanyi jambo la kuazima kwa watu.

Nianze na filamu iliyotolewa siku ya Krismasi yenyewe, nayo ni Nosferatu ya Robert Eggers, hadithi ya mwanamke kijana aitwaye Ellen, wa mji wa Wisborg katika Ujerumani ya mwaka 1838, ambaye tangu usichana wake anaandamwa na mfu aitwaye Orlok, anywaye damu za walio hai. Hadithi hii si ngeni. F. W. Murnau aliifanya filamu mwaka 1922, bila ya idhini ya wenye haki ya kitabu cha Dracula cha Bram Stoker. Mjane wa Stoker akashtaki, mahakama ya Ujerumani ikaamuru nakala ziteketezwe, na ni kwa bahati tu kwamba baadhi yake ziliponyoka zikatufikia. Ilikuwa filamu isiyo na sauti wala rangi ya kweli, na mpaka leo watu wasioijua hata jina wanakijua kivuli chake, kile cha mfu mwenye makucha marefu anayepanda ngazi, ambaye mwili wake hauonekani bali ukuta ndio unaotuhadithia kwamba yupo.

Mpiga picha wa Eggers ni Jarin Blaschke, aliyefuatana naye tangu The Witch ya 2015, na anaonekana kuwa ameusoma ukuta ule kwa makini. Amechagua utepe wa filamu wa milimita 35 badala ya kamera ya tarakimu, na katika nyumba za karne ya 19 ameridhia mwanga uliokuwamo katika nyumba hizo: mshumaa, moto wa mekoni, dirisha lenye pazia zito, na baada ya hapo basi. Mtu anapopita na mshumaa mkononi katika ushoroba wa ngome ya Orlok, kinachoonekana ni kidole, na kidevu, na kipande cha jiwe, na kilichobaki kimeachiwa nafsi ya mtazamaji ijaze yenyewe. Na nafsi, kama ajuavyo kila aliyewahi kutembea peke yake usiku usio na mwezi, hujaza kwa wingi kuliko fundi yeyote wa kutengeneza vitisho. Katika msitu wa theluji, pale gari la farasi linapomjia Thomas Hutter, mumewe Ellen, usiku, rangi zimeondolewa hata picha inakaribia kuwa ya majivu na fedha, na mbalamwezi ile haina upole wowote. Kisha kuna mkono: kivuli cha mkono wa Orlok kinaponyooka juu ya mapaa ya mji uliolala, nacho kinakwenda polepole kama chenye uhakika na mali yake. Sisemi kwamba kila jambo katika filamu hii limesimama sawasawa, kwani fazaa za Ellen zimerudiwa kuliko inavyohitajika, na maneno ya wazee wenye elimu humo yana uzito mkubwa kuliko maana yao. Walakini kiza chake ni kiza cha kweli, kilichotengenezwa kwa amana, na asiyekiona ukumbini hatakiona kabisa, kwa sababu katika runinga ya nyumbani kitageuka ukungu wa kijivu. Hata ukumbini hakuna dhamana. Mahali pamoja nilipokwenda, ambapo sitapataja, taa ya mashine ilikuwa imechoka hata vivuli vyote vilichanganyika vikawa tope moja, na kazi ya miezi ya fundi yule ikapotea kwa uzembe wa kutobadilisha taa.

Mchonga milango wa Lamu au wa Unguja akikuonyesha ua la yungiyungi lililokaa juu ya mbao, ukweli ni kwamba ua hilo hakuliongeza. Ameondoa mbao iliyolizunguka, na ustadi wake wote umo katika kujua pa kuondoa na kiasi gani. Ndivyo afanyavyo mpiga picha na nuru. Mtu asiyeijua kazi hii hudhani kwamba shida yake ni kupata mwanga wa kutosha, ilhali mwanga wa kutosha waweza kununuliwa. Shida ni kuuzuia, kuupunguza, kuupitisha kitambaani, kuurudisha kutoka ukutani, na mara nyingine kuwa na ushujaa wa kuuzima kabisa mbele ya mwenye mali aliyetoa mamilioni ili sura ya mchezaji mashuhuri ionekane.

Historia ya ustadi huu imejaa watu wa namna hiyo, na wengi wao, bila ya sisi kuwajua, wamepita machoni mwetu. Subrata Mitra alikuwa kijana wa miaka 21 asiyewahi kuishika kamera ya senema pale Satyajit Ray alipomkabidhi kazi ya Pather Panchali, iliyotoka mwaka 1955. Na katika Aparajito ya mwaka uliofuatia, walipolazimika kuujenga ndani ya studio ua wa nyumba ya Banaras, ambao kwa kweli hupokea nuru kutoka juu tu, isiyo na kivuli kikali, alitandaza kitambaa cheupe juu ya ua huo wote na kuzielekeza taa zake kwenye kitambaa badala ya kuzielekeza kwa watu, nuru ikarudi chini imelainika kama ya mbingu yenye mawingu. V. K. Murthy, katika Kaagaz Ke Phool ya Guru Dutt ya 1959, alitaka mwale mmoja wa jua ushuke katikati ya studio yenye kiza, na badala ya kutafuta taa kubwa alitumia vioo viwili, kimoja nje na kimoja ndani, akaliingiza jua lenyewe. Filamu ile haikupata watu wakati ilipotoka, lakini mwale ule hakuna auonaye akausahau. Na wazee wetu wanaoikumbuka Mughal-e-Azam ya 1960, wanaomkumbuka Madhubala akicheza katika jumba la vioo huku sura yake ikizunguka katika maelfu ya vipande vya kioo vya darini, wajue kwamba R. D. Mathur alishughulika sana na chumba kile, kwa kuwa kila kioo kiliirudishia kamera mwanga wa taa zake, mpaka alipoulainisha kwa vitambaa na kuutoa pembeni. Huko Marekani, Orson Welles alipoitoa Citizen Kane mwaka 1941 aliliandika jina la mpiga picha wake, Gregg Toland, katika ukurasa uleule wa jina lake mwenyewe, jambo la insafu ambalo hata leo wachache hulifuata. Stanley Kubrick naye, kwa ajili ya Barry Lyndon ya 1975, alimtafutia John Alcott lenzi za Zeiss zilizotengenezwa kwa ajili ya shirika la anga la Marekani, ili mabibi na mabwana wa karne ya 18 waonekane kwa mishumaa yao peke yake. Blaschke ni wa ukoo huo.

The Brutalist ya Brady Corbet, iliyoanza kuonyeshwa Marekani tarehe 20 Desemba, ni kazi ya namna nyingine, na mpiga picha wake ni Lol Crawley. Ni hadithi ya László Tóth, msanifu wa majengo, Myahudi wa Hungaria aliyenusurika na kambi za mauti, anayefika Marekani mwaka 1947 na kuangukia katika hisani ya tajiri mmoja wa Pennsylvania aitwaye Van Buren, hisani ambayo ina kamba shingoni mwake. Filamu inachukua dakika 215, na ndani yake mna mapumziko ya dakika 15, kama zilivyokuwa nazo filamu kubwa za zamani. Na watu waliokuwa wakihofia urefu huo niliwaona wakirudi vitini mwao kabla ya wakati. Imepigwa kwa mtindo uitwao VistaVision, uliozinduliwa na Paramount mwaka 1954 kwa filamu ya White Christmas na kisha ukatumiwa na Hitchcock katika Vertigo, ambao katika kamera yake utepe wa milimita 35 hupita kwa ubavu badala ya kushuka wima, hata picha moja ikachukua matundu 8 badala ya 4, na eneo lake likazidi maradufu. Mtindo huo ulikuwa umeachwa kwa filamu nzima za Marekani tangu mwanzo wa miaka ya 1960. Kurudishwa kwake hapa hakukuwa kwa kujionyesha. Filamu inayohusu majengo yahitaji kuta zilizonyooka, na eneo kubwa la picha humruhusu fundi kuona jengo zima bila ya kuzipinda pembe zake.

Mwanzoni tumo ndani ya tumbo la meli, katika kiza na msukosuko, hatujui nani anamsukuma nani, mpaka mlango unafunguliwa na nuru inaingia kwa kishindo, na Sanamu ya Uhuru inaonekana juu chini, imening'inia kutoka mbinguni. Hapana neno lililosemwa, na tayari tumejua kwamba nchi hii itampindua mtu huyu. Baadaye László anamjengea Van Buren chumba cha kusomea, na rafu zake zinapofunguka zote kwa pamoja na mwanga kushuka katikati, juu ya kiti kimoja kirefu, tunamwelewa msanifu huyu kuliko ambavyo tungalimwelewa kwa hotuba. Na kanisa la zege analolijenga juu ya kilima limekusudiwa jua lipite katika upenyo wa paa lake na kuuchora msalaba juu ya madhabahu. Ni nadra kwa filamu kuwa na fundi wa nuru ndani ya hadithi na fundi wa nuru nyuma ya kamera, wote wawili wakishindana kwa heshima. Na milima ya marumaru ya Carrara, myeupe iliyokatwa ngazi ngazi, na ukungu ukipita katikati yake, ni taswira ambayo peke yake yatosha malipo ya tiketi. Lakini nusu ya pili imebebeshwa mzigo mkubwa kuliko mabega yake, na katika sehemu ya mwisho, huko Venice mwaka 1980, anasimama mtu kutueleza kwa kinywa maana ya yale ambayo kuta zilikuwa zimekwisha kutwambia. Laiti Corbet angemwamini Crawley hata mwisho.

Watoto wengi wamepelekwa kuiangalia Mufasa ya Barry Jenkins, nami nilikwenda kwa matumaini makubwa, kwa kuwa Jenkins na mpiga picha wake James Laxton ndio waliotupa Moonlight mwaka 2016, filamu ambayo ngozi nyeusi ilipokea nuru humo kwa taadhima ambayo senema ya Marekani ilikuwa imeinyima muda mrefu. Hapa hawakuwa na ngozi wala jua. Wanyama, majani, theluji na mawingu yote yametengenezwa kwa kompyuta, na jua limewekwa mahali palipotakiwa, likatii. Jitihada ya Laxton inaonekana: kamera yake isiyokuwepo inawafuata wana wa simba karibu sana, inazama nao katika mafuriko yanayomtenganisha Mufasa na wazazi wake, inakimbia nao. Watoto wa Kiswahili watafurahi kuyasikia majina ya lugha yao katika vinywa vya simba na nyani. Lakini nilitoka bila ya kukumbuka nuru hata moja, na nadhani sababu ni kwamba hakuna kilichompinga fundi. Palikuwa hapana wingu lililochelewa, wala ukuta uliokataa, wala saa ya magharibi iliyokuwa ikimponyoka.

Siiamini hoja yangu hii kuwa kamili, kwa kuwa katika msimu huohuo ipo filamu nyingine ya mafuriko na wanyama, nayo pia ni ya kompyuta tangu mwanzo hata mwisho, iliyoninyamazisha. Ni Flow, ya kijana wa Latvia aitwaye Gints Zilbalodis, iliyotengenezwa na kikundi kidogo kwa Blender, programu inayotolewa bure kwa kila mtu. Ina dakika 85 na haina neno hata moja. Paka anakimbia maji yanayopanda, anaingia katika mashua iliyobeba wanyama wasiofanana naye, nao wanajifunza kuvumiliana. Manyoya ya paka huyo hayahesabiki unywele kwa unywele kama ya simba wa Mufasa. Yamepakwa tu, kama kwa brashi. Lakini Zilbalodis amejiwekea masharti ambayo kompyuta haikumwekea: kamera yake hukaa kimo cha paka, huona kile ambacho paka angeona, na nuru iliyo juu ya maji huja na kuondoka kwa saa zake bila ya kuwangoja wachezaji. Aliyejinyima mwenyewe ndiye aliyefanikiwa. Wazazi wenye watoto wadogo, ikiwa wana fedha za tiketi za filamu moja tu, wawapeleke huko.

Nyingine nitazipita haraka. Wicked ilipandiwa milioni 9 za maua ya tulipani katika mashamba ya Norfolk, Uingereza, maua ya kweli yaliyoota katika udongo, kisha yakaangazwa kutoka nyuma kwa weupe mwingi hata yakaonekana kama yamechorwa. Waimbaji wake wawili waliistahili nuru iliyo bora kuliko hiyo. Gladiator II ya Ridley Scott imepigwa kwa kamera nyingi zinazokwenda kwa wakati mmoja, jambo linalookoa siku na fedha, lakini mwanga uliopangwa kwa ajili ya kamera nyingi haukupangwa kwa ajili ya yoyote, na matokeo yake ni uwanja mkubwa usio na mahali pa kulitulizia jicho. A Complete Unknown, inayomhusu Bob Dylan tangu alipofika New York mwaka 1961 hata alipowaudhi watu wa tamasha la Newport kwa gitaa la umeme mwaka 1965, ni filamu ya masikio zaidi kuliko macho, nayo imeangazwa kwa adabu na kujizuia, nimeipenda.

Ama All We Imagine as Light ya Payal Kapadia, filamu ya kwanza ya Kihindi kushindania tuzo kuu ya Cannes baada ya miaka 30, ambako ilipata Grand Prix, inastahili wasaa mrefu zaidi kuliko iliyoupata katika majumba ya huku, ambako ilikaa kitambo kidogo ikaondolewa kuzipisha filamu za watoto. Wanawake watatu wa hospitali moja ya Mumbai, wawili wauguzi waliotoka Kerala na mmoja mpishi anayetishiwa kuvunjiwa nyumba yake, wanaishi chini ya mvua za masika ya Kihindi, na Ranabir Das ameyapiga maisha yao ya usiku katika buluu iliyojaa unyevu: treni, masoko, madirisha yenye taa za mirija, nguo zisizokauka. Hakuna urembo uliopakwa. Ni mji uleule unaochosha, lakini mtu aliyechoka amepewa heshima ya kutazamwa kwa subira. Kisha katika nusu ya pili wanaondoka kwenda kijiji cha pwani katika wilaya ya Ratnagiri, na jua linaingia kwa mara ya kwanza, jua la minazi na mchanga na mawe mekundu, ambalo kila mtu aliyelelewa ng'ambo yetu ya bahari hiyohiyo atalitambua katika ngozi yake kabla ya kulitambua kwa macho. Kapadia na Das wamelizuia kwa saa nzima na zaidi, ili lifikapo liwe ni furaha iliyochumwa.

Nimeiweka mwisho filamu ambayo kwangu imezipita zote, nayo ni Nickel Boys ya RaMell Ross, iliyotoka tarehe 13 Desemba, na aliyeipiga ni Jomo Fray. Imetokana na kitabu cha Colson Whitehead cha mwaka 2019, na kitabu chenyewe kimejengwa juu ya mambo ya kweli ya skuli ya Dozier iliyokuwapo Marianna, Florida, mahali pa kurekebishia watoto, kama ilivyodaiwa, hata ilipofungwa mwaka 2011. Wataalamu wa chuo kikuu waliochimba ardhi yake walikuta makaburi 55. Elwood ni kijana mweusi msomi, aliyelelewa na bibi yake, ambaye katika miaka ya 1960, njiani kwenda chuoni, anapanda gari la mtu asiyemjua, na gari hilo likatokea kuwa la wizi. Basi anapelekwa Nickel, ndilo jina la skuli hiyo katika hadithi, na huko anakutana na kijana mwenziwe, Turner.

Ross na Fray wameamua kwamba kamera itakuwa macho ya Elwood. Tunaona anachokiona: dari, chungwa juu ya mti, mikono ya bibi, barabara. Sura yake mwenyewe hatuioni isipokuwa pale kitu kinapoirudisha, kama kioo cha dirisha la duka. Mtindo huu si mpya kabisa. Robert Montgomery aliwahi kuifanya Lady in the Lake, mwaka 1947, karibu yote kwa namna hiyo, na filamu ile imebaki kukumbukwa kama mzaha wa fundi, kwa sababu macho tuliyopewa yalikuwa ya mtu asiyetazamwa na yeyote kwa mapenzi. Ross amelitatua jambo hilo kwa namna iliyonifanya nishike mkono wa kiti: Turner anapoingia, kamera inahamia kwake, na kwa mara ya kwanza tunamwona Elwood, na tunamwona kwa macho ya rafiki. Tangu hapo filamu inakwenda baina ya wawili hawa, na kila mmoja ana sura kwa kuwa mwenziwe anamtazama.

Bibi Hattie, ambaye mchezaji wake ni Aunjanue Ellis-Taylor, anasafiri kuja kumtembelea mjukuu wake, na wanamnyima. Anamkuta Turner uani. Hana la kufanya na mapenzi aliyokuja nayo, kwa hivyo anamwomba yule kijana wa watu amkumbatie yeye, na kwa kuwa kamera ndiyo Turner, bibi huyo anatujia sisi, uso wake unakaribia hata unapita, na tunaliona bega lake na kitambaa cha nguo yake tu. Wachezaji kwa desturi hukatazwa kuitazama kamera. Hapa wameambiwa waitazame na waipende, na aliyekuwa amebeba uzito wa mashine ile ilimbidi akumbatiwe pamoja nayo bila ya kuuharibu mwanga.

Wapo walioniambia kwamba mtindo huu umewachosha, kwamba walitamani kukaa pembeni na kuona kisa kizima kama wazoeavyo. Ninawaelewa, wala siwalaumu, lakini nadhani pembeni ndipo mahali ambapo mambo ya Dozier yalitazamwa kwa zaidi ya miaka 100, na hakuna lililofanywa. Tena Fray hakutumia ukaribu huo ili atuonyeshe mateso. Usiku wavulana wanapochukuliwa kwenda kupigwa katika nyumba nyeupe, senema nyingine yoyote ingetupa mjeledi na mgongo; yeye ametupa ukuta, na taa, na mkono wa mtoto juu ya goti lake mwenyewe, na mngurumo wa feni kubwa iliyowashwa ili kuzifunika sauti. Pigo lenyewe halikuangazwa. Walioteswa hawakugeuzwa tamasha la pili, na mtazamaji hakupewa fursa ya kuhesabu machozi yake kuwa ni wema.

Akademi ilianza kuwatuza wapiga picha katika sherehe yake ya kwanza kabisa, mwaka 1929, na waliopewa heshima hiyo ni Charles Rosher na Karl Struss, kwa ajili ya Sunrise, ambayo mwongozaji wake alikuwa Murnau yuleyule wa Nosferatu, aliyekwisha kuhamia Marekani. Nilipoziangalia filamu hizi, kura za msimu huo zilikuwa bado hazijapigwa. Wengi waliitabiria The Brutalist, nami kwa ushindi wake nisingenung'unika, kwa kuwa Lol Crawley ameifanya kazi kubwa mchana kweupe. Na kama wangemchagua Blaschke pia ningefurahi. Lakini lau ningekuwa na kura moja, ningempa Jomo Fray, kwa ajili ya ukuta ule na feni ile.